Swali Mbele ya Mkwe

Baba mkwe wangu alitandika vigae kwa miaka thelathini na moja, na sijui kama kuna mtu kazini aliyewahi kumwita kwa jina lake. Walimwita Pima Maji, kwa sababu ya kile kifaa cha mafundi chenye kichupa cha maji na povu ndani, cha kupimia kama kitu kimelala sawa. Chake kilikuwa kidogo, cha urefu wa kiganja, na hakikutoka mfukoni hata siku ya harusi yangu. Nilipohamia nyumbani kwake na cherehani yangu, jambo la kwanza alilofanya ni kukiweka juu ya meza ya ile cherehani, akachuchumaa, akafumba jicho moja.

"Mkwe," akasema, "meza yako imelewa."

Akakunja kipande cha boksi, akakisukuma chini ya mguu mmoja wa meza, akapima tena, akaenda zake. Kwa mwaka mzima hatukuwahi kuzungumza maneno mengi kuliko hayo.

Nisieleweke vibaya, hatukuwa na ugomvi. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, na mume wangu ni dereva wa malori ya masafa, wiki mbili yuko njiani, siku tatu yuko nyumbani. Kwa hiyo nyumba ilibaki yetu mimi na mzee, tukaishi kwa adabu zote. Yeye alikohoa kabla ya kuingia sebuleni. Mimi sikukanyaga chumbani kwake. Nguo zake za juu nilifua mimi. Za ndani alifua mwenyewe, akazianika nyuma ya nyumba chini ya taulo ili nisizione, nami nikajifanya sijui kwamba chini ya lile taulo kuna kitu. Majirani walinisifu kwamba nimepata baba mkwe mwenye heshima zake, na walisema kweli.

Kazi ya vigae inafanywa kwa magoti. Fundi anaanzia ukuta wa mbali, anapaka gundi, analaza kigae, anakigonga kwa nyundo ya mpira, anapima, anarudi nyuma kidogo, hivyo hivyo mpaka anatokea mlangoni kinyumenyume. Pima Maji alikuwa na ubishi wake mmoja: akishapiga magoti hainuki mpaka chumba kiishe. Wenzake wakienda kula, yeye yuko chini. Alidai kwamba fundi akiinuka katikati anapoteza jicho, na akirudi haoni tena alichokuwa anakiona. Mimi naona kilikuwa kiburi tu, kiburi cha miaka thelathini na moja, na uti wa mgongo ndio ulikuwa ukikilipia.

Mgongo wenyewe haukumharibikia kwa mzigo. Alikuwa amebeba maboksi ya vigae mawili mawili mpaka ghorofa ya nne bila kuguna. Siku ulipomtoka aliinama kuokota ile nyundo ya mpira, ambayo hata mtoto wa chekechea anaiinua, akabaki hapohapo ameinama. Wenzake wanne wakamleta nyumbani juu ya mlango wa mbao ambao ulikuwa haujapachikwa bado. Kutoka siku hiyo maumivu yalianzia kalio la kushoto, yakashuka nyuma ya paja, yakapita shavu la mguu, yakaishia kwenye kidole kidogo. Aliyaita "umeme." Akikohoa umeme unapiga, akipiga chafya anashika ukuta.

Miezi mitatu tulihangaika na umeme huo. Kila aliyeingia pale nyumbani alikuwa daktari. Huyu analeta mafuta ya kuchua, yule analeta mkanda wa kufunga kiunoni, mwingine anasema alale sakafuni, mwingine anasema asithubutu kulala sakafuni. Vidonge vya duka la dawa alimeza mpaka tumbo likamgomea. Mwishowe mume wangu alipiga simu kutoka huko barabarani akaniambia, "Mpeleke hospitali kubwa, na ukae naye mpaka mwisho. Yeye akiingia peke yake atasema haumwi." Nilimwahidi kwamba nitakaa naye mpaka mwisho. Natamani nisingeahidi.

Tulipigwa picha za mashine ile kubwa yenye kelele, tukapewa miadi ya Jumanne na daktari wa upasuaji wa mgongo. Jumatatu yake mzee aliamka ana nafuu. Umeme umepungua sana, alisema, na akatembea mpaka nje na kurudi, akiburuta mguu kidogo lakini bila kushika ukuta. Nilifurahi. Hakuna aliyetufundisha kwamba mshipa wa fahamu ukianza kufa nao unanyamaza.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, mwepesi wa maneno, na kwenye korido tuliacha watu arobaini wakimngoja. Hata hivyo hakutufukuza. Alichukua mgongo wa plastiki kutoka mezani, akamwonyesha mzee. Kati ya pingili na pingili, alisema, kuna kisahani kigumu nje na laini ndani. Kikichoka, ganda linapasuka, kile cha ndani kinachungulia nje na kuubana mshipa unaoshuka mguuni. Ndiyo huo umeme wako, mzee.

"Sasa mnakirudisha?" mzee akauliza.

"Hakirudi. Tunakitoa kile kilichochungulia."

Akaeleza kwamba wagonjwa wengi hupona bila kisu, kwa dawa, mazoezi na subira, lakini miezi mitatu ya subira ilikuwa imeshapita na mguu umeanza kulegea. Kuna sindano ya kutuliza uvimbe, inayochomwa karibu na mshipa wenyewe. Inasaidia kwa muda. Kuna upasuaji mdogo, jeraha la urefu wa kucha mbili, daktari anatazama kwa hadubini na kunyofoa kipande kinachobana. Kuna huu mpya zaidi, wa kupitisha bomba jembamba kuliko kalamu lenye kamera mbele. Mgonjwa anaamka mchana na kesho yake yuko kwake. Na kwa wale ambao pingili zao zimelegea zinacheza, kuna kuziunganisha kwa vyuma na skrubu, au wachache huwekewa kisahani cha bandia.

Pima Maji alisahau kama anaumwa. Alishika ule mgongo wa plastiki akaugeuza geuza. "Hizo skrubu, mnatoboa kwanza au mnazungusha moja kwa moja?" "Hicho cha bandia kinadumu miaka mingapi?" "Mkishaunganisha mbili, ya juu yake si ndiyo itaanza kuchoka?" Daktari alicheka, akasema katika mwaka mzima hajaulizwa swali zuri kama hilo la mwisho, na kwamba kweli ya juu huchoka, ndiyo maana hawaunganishi ovyo. Wakakubaliana bomba la kamera, Jumanne ya wiki mbili mbele. Mzee alifurahi jinsi fundi anavyofurahi kukutana na fundi.

"Maswali machache ya mwisho, mzee," daktari akasema, na kalamu ikiwa juu ya karatasi. "Mkojo unatoka kama kawaida?"

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha pembeni, pochi magotini. Nilimwona baba mkwe akiacha kutabasamu. Hakunitazama.

"Uko sawa."

"Choo kikubwa? Unakizuia vizuri?"

"Kiko sawa."

"Na hapa pa kukalia, katikati ya mapaja, kuna ganzi? Ukijifuta unajisikia?"

Niliangalia kalenda ukutani. Nakumbuka mpaka leo kwamba ilikuwa ya mwezi uliopita, hakuna aliyeipindua. Nilisoma tarehe moja baada ya nyingine ili masikio yangu yasiwepo mle ndani.

"Kote kuko sawa, daktari."

Daktari aliweka alama tatu kwenye karatasi. Akasema, "Ikitokea hata moja kati ya hayo, msingoje tarehe. Njooni saa hiyohiyo." Alisema vizuri, na mimi nilisikia, kwa hiyo simlaumu kwa hilo. Namlaumu kwamba hakuniambia, mama, tupishe kidogo. Lakini miguu ilikuwa yangu. Ningeinuka tu. Ningesema nakwenda kunywa maji, dakika mbili, na mzee angesema. Hilo nimeshalizungusha kichwani mara elfu na kila mara nainuka kwenye kile kiti.

Jumatano na Alhamisi mzee alikaa sana msalani. Nilisikia bomba la maji likifunguliwa na kuachwa likitiririka, robo saa, nusu saa. Nilidhani ni usafi. Alhamisi asubuhi alikuja kukaa kwenye chumba cha kushonea, kwa sababu kiti changu ndicho kirefu kuliko vyote na kwenye viti vya sebuleni alikuwa hainuki bila kuvutwa. Alikaa pale tangu saa nne mpaka saa sita akipiga soga kwenye simu na mwenzake wa kazi, mpiga lipu mmoja wanayemwita Saruji.

Alhamisi hiyohiyo jioni nilichukua suruali yake kuifua. Nyuma, mahali pa kukalia, kulikuwa na pini yangu ya kushonea. Haikuwa imeshikilia kitambaa kwa juujuu. Ilikuwa imepita mpaka ndani, imezama yote mpaka kichwani, na upande wa ndani kulikuwa na tone la damu lililokauka. Mtu alikuwa amekaa saa mbili juu ya pini na hakujisogeza.

Nilielewa? Nusu nilielewa. Maneno ya daktari yalinipita kichwani, hapa pa kukalia, kuna ganzi? Nikasimama na ile suruali mkononi, nikajiuliza nitamwambia nini. Baba, nimeona makalio yako yametobolewa? Nikafikiria kumpigia mume wangu, nikaona ataniuliza kwa nini nachunguza suruali ya baba yake. Nikachomoa pini, nikairudisha kwenye kimto chake, nikajiambia kwamba mzee huyu ni mvumilivu, wala sijui nani alinidanganya kama si mimi mwenyewe.

Jumamosi asubuhi Saruji alipita kumjulia hali. Alikuwa na vumbi la kazini mpaka kwenye kope. Mzee alikuwa msalani, maji yanatiririka. Saruji alikaa mlangoni asichafue viti, akaniuliza, "Sasa daktari alisemaje kuhusu ile ganzi?"

"Ganzi ipi?"

"Ya huko." Akaonyesha kwa kidevu, bila kutaja. "Si amekwambia? Tangu Jumanne asubuhi anasema huko chini ni kama pa mtu mwingine. Na mkojo unamgomea, mpaka akamue tumbo. Mimi nilimtania kwamba ni uzee unabisha hodi. Nikajua hospitali wameshamwona."

Nilikwenda nikagonga mlango wa choo, kitu ambacho sijawahi kufanya katika miaka sita.

"Baba, fungua."

"Natoka, mkwe."

"Baba, naomba ufungue sasa hivi."

Maji yaliendelea kutiririka. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mwite Saruji. Miguu haitaki kuinuka."

Saruji alisukuma mlango kwa bega. Tukamtoa kwa gari la jirani, amelala kiti cha nyuma, tumbo limevimba chini ya kitovu, na njia nzima alikuwa akimwomba Saruji radhi kwa kulowesha kiti. Hakujua kama amelowesha au hakulowesha. Alikuwa akikisia.

Kule hospitali nesi alimwekea mpira wa mkojo, ikatoka lita moja na nusu. Daktari aliitwa kutoka kwake, akaja na fulana ya nyumbani. Aliposimama kando ya kitanda akauliza, "Ilianza lini?" mzee aligeuza uso kwangu, na safari hii nilitoka bila kuambiwa. Lakini mlango wenyewe ulikuwa pazia.

"Jumanne," nikamsikia akisema.

"Jumanne baada ya kuniona?"

"Kabla. Nilipoamka."

"Mzee, nilikuuliza," daktari akasema.

"Mkwe wangu alikuwa amekaa pale," akajibu Pima Maji. Hakuona kwamba anahitaji kueleza zaidi, na kweli hakuhitaji. Mimi niliyekuwa nyuma ya pazia nilielewa, na nadhani hata daktari alielewa, maana alipotoka nje hakuwa na hasira aliyoingia nayo.

Alinieleza akisaini karatasi. Kile kisahani hakikuwa kimechungulia tena, kipande kizima kilikuwa kimedondoka, na pale chini uti unapoishia mishipa hutawanyika kama mkia wa farasi, ndivyo wanavyouita wenyewe, na kipande kilikuwa kimeubana mkia wote. Mkojo, choo, miguu, vyote vinapitia hapo. Hii si kazi ya bomba la kamera, alisema, nafungua kwa upana na nafungua sasa. Walimkata kwa saa tatu. Nilisubiri kwenye benchi la chuma pamoja na Saruji, ambaye alikuwa akirudia kwamba alidhani wanajua, alidhani wanajua, mpaka nikamwomba anyamaze.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Nachukia sentensi hiyo. Kipande kilitoka chote, jeraha likafunga safi, umeme ukaisha kabisa na haukurudi tena mpaka leo. Ila unyayo wa kushoto unaning'inia, haunyanyuki. Na huko kwingine, daktari alisema, tungoje. Mishipa ikibanwa kwa saa nyingi hivyo, kuna watu hurudishiwa kidogo baada ya miezi, kuna watu hawarudishiwi.

"Na kama ingekuwa Jumanne?" nikamuuliza.

"Usijiulize hivyo, mama."

"Nakuuliza wewe."

Akavua miwani, akaifuta. "Ningemfungua Jumanne ileile mchana. Nafasi yake ilikuwa nzuri."

Mume wangu aliniuliza swali lake kwenye simu, akiwa siku mbili kutoka nyumbani. "Ulikuwa naye mle ndani. Hukuona kitu?" Nilimwambia niliona pini. Nilimweleza yote, mpaka tone la damu. Akasema, "Ungeniambia," nami nikamjibu kwamba yeye ndiye aliyenituma nikae naye mpaka mwisho, na baada ya hapo tulisema mambo ambayo watu wakishayasema wanayakuta mezani kila wanapokula. Hatujaachana. Tunaongea habari za lori na za hali ya hewa.

Alipofika aliomba likizo ya siku kumi. Mzee akaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na mpira wa mkojo, mfuko wake wa plastiki, na nepi za watu wazima. Nesi aliuliza msaidizi wa mgonjwa ni nani ili amfundishe, na mzee akawahi kusema, "Mwanangu wa kiume." Kwa hiyo mume wangu ndiye aliyefundishwa kuvaa glavu, kusafisha, kugeuza, kumwaga. Mimi nilisimama mlangoni nikajifanya natafuta chaji ya simu, nikayashika yote. Siku kumi mume wangu alimhudumia baba yake mlango ukiwa umefungwa, na alikuwa akitoka mle macho mekundu, anapitiliza mpaka nje. Siku ya kumi na moja, Ijumaa asubuhi, tajiri wake alimwita kazini kwa safari fupi na lori likaondoka naye.

Saa sita mchana nilikwenda nikasimama mlangoni kwa mzee. Harufu ilikuwa imeshafika sebuleni.

"Baba, nikusaidie."

"Nitamngoja."

"Anarudi Alhamisi, baba."

"Ya kesho kutwa?"

"Leo Ijumaa. Ya wiki ijayo."

Nilimsikia akihesabu siku kwa mdomo, taratibu, moja moja. Alipofika sita akaacha. Nikasema naingia, nikahesabu moyoni mpaka tano ili kama ana neno alitoe, nikaingia chumbani kwa baba mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Nilibeba beseni la maji ya vuguvugu, chombo cha kumwagia mkojo, glavu, na nepi safi kwapani. Yeye alichukua taulo, akalitandaza usoni, akalishika kwa mikono yote miwili kila upande.

Nilifanya kama nesi alivyoonyesha. Nilifungua koki ya mfuko, nikaacha mkojo utiririkie chomboni, nikafunga. Nilifungua nepi, nikamgeuza kwa kumshika begani na nyongani, nikamsafisha kuanzia mbele kurudi nyuma, nikasuuza kitambaa, nikasafisha tena. Pale pini ilipoingia palikuwa na kidonda kidogo kilichokataa kupona, naye hakisikii, nikakipaka dawa. Nikamkausha, nikamvalisha, nikamrudisha chali, nikamfunika shuka mpaka kifuani. Nadhani haikuchukua dakika kumi.

"Tayari, baba."

Hakulitoa taulo. Akasema kutoka chini yake, "Kumbe ni hivi tu, mwanangu?"

"Ndiyo, baba," nikamwambia. "Ni hivi tu." Nikachukua chombo, nikaenda kukimwaga.